Mabuti ya draisuti yamenizidi namba tatu: nijaze soksi, nifunge risasi au nikate?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzamiaji hapa Tanga, nina cheti cha skuba, yaani kuzamia kwa mtungi, na hufanya vibarua vya kusafisha maboti chini na kufunga maboya. Nimepata nafasi ya kwenda Cape Town kusomea uzamiaji wa kazi, na nimeambiwa maji ya kule ni baridi, wetisuti, ile suti inayoingiza maji, haitoshi. Mtafiti mmoja wa kigeni alipokuwa anaondoka aliniachia draisuti yake, suti isiyoingiza maji. Ni ya kitambaa chembamba, si ile ya neoprini nene, na imeunganishwa na mabuti ya mpira. Mwilini inanikaa vizuri isipokuwa miguuni: mabuti ni namba 44, mimi navaa 41. Nimeijaribu mara mbili Raskazone. Mara ya kwanza vidole vilikufa ganzi na msuli wa shavu la mguu ukanikaza mpaka nikatoka. Mara ya pili, nikiwa kama mita nane, niliinama kuangalia nanga, miguu ikapanda, buti la kulia likavuka kisigino, na nikajikuta naibuka miguu ikitangulia. Mwenzangu mmoja anasema nivae soksi nne, mwingine anasema nifunge risasi, vile vipande vizito vya kuzamishia, vifundoni au nikaze kwa mpira wa tairi la baiskeli, na fundi viatu wa Ngamiani anasema anaweza kukata haya mabuti na kubandika ya 41. Nifanye nini?"*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa nafasi ya Cape Town. Mabuti yatasubiri kidogo; naanza na huko kuibuka kwako miguu juu.

Mtu akipanda namna hiyo huku amebana pumzi, hewa iliyo mapafuni hutanuka na inaweza kuyachana. Dalili hazichelewi: ndani ya dakika chache kifua kinauma, mtu anakohoa damu, anashikwa na kizunguzungu au upande mmoja wa mwili unalegea. Hujaandika lolote kati ya hayo, kwa hiyo naamini ulikuwa unapumua, na hilo ndilo lililokuokoa. Ganzi ya vidole nayo ina swali lake: iliondoka lini? Kama ulipovua mabuti damu ilirudi na baada ya dakika chache hukuisikia tena, ni ya mabuti au mapezi ya kuogelea, na nitakueleza imetoka wapi. Kama ilikaa saa kadhaa, au ikapanda juu ya kifundo, au mguu ukawa mzito, au mkojo ukagoma kutoka, acha kusoma hapa. Nenda hospitali ya Bombo, waambie waziwazi kwamba wewe ni mzamiaji na uliibuka kwa kasi, omba oksijeni, na wapigiwe simu DAN, mtandao wa dharura za wazamiaji, ambao wana madaktari wa kuelekeza mgonjwa apelekwe wapi kwenye chemba ya shinikizo. Na usipande ndege ukiwa na dalili hizo, maana ndege inazizidisha.

Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi wa pwani huamini mita nane ni kina cha kuchezea. Kwa draisuti hesabu inakwenda kinyume. Mabadiliko makubwa ya shinikizo, kwa uwiano, yako kwenye mita kumi za juu kabisa. Hewa iliyojaza lita moja ukiwa mita nane, ukifika juu inajaza karibu lita mbili. Ukitoka mita thelathini mpaka ishirini na mbili, zile zile mita nane, lita moja inaongezeka kwa robo tu. Kwa hiyo pale Raskazone ulikuwa mahali pagumu zaidi pa kuidhibiti hewa, wakati unadhani umechagua mahali rahisi.

Basi tuje kwenye mabuti.

Tofauti kati ya 41 na 44 kwa vipimo vya Ulaya ni sentimita mbili kamili, maana kila namba ni theluthi mbili ya sentimita. Buti la draisuti huchukuliwa kubwa kuliko kiatu cha kawaida kwa namba moja hivi, ili soksi nene ya joto ipate nafasi. Ukiondoa hiyo, ziada yako halisi ni kama sentimita moja na kidogo. Ni nyingi, lakini bado si ya kuitupa draisuti. Nimeona watu wakizamia na ziada kama hiyo bila taabu, na nimeona wengine wenye mabuti ya namba yao hasa wakiibuka miguu juu kama wewe. Namba ya buti ni sehemu ya habari. Sehemu kubwa zaidi ni hewa, ile unayoiingiza kwenye suti isikubane: iko kiasi gani, na inapata wapi pa kukaa.

Ukiwa umesimama wima majini, miguu yako iko kama mita moja na nusu chini ya shingo. Maji ya chini yanabana zaidi, hewa inakimbilia mabegani, na suti inajifunga kwenye miguu. Wakati huo hata buti la 44 unaliona limekukaa. Ulipoinama kuangalia nanga, miguu ikawa ndiyo sehemu ya juu. Hewa yote ya ziada ikahama kupitia kiuno na mapaja mpaka kwenye mabuti, yakavimba. Lita moja ya hewa inainua karibu kilo moja. Lita mbili kila mguu, tayari una kilo nne zinakuvuta kwa vifundo. Buti likishavimba halishiki tena mguu. Kisigino kinachomoka, pezi linabaki kwenye buti wala si kwenye mguu wako, na ukipiga teke unapiga teke ndani ya mfuko. Kibaya zaidi, vali ya kutolea hewa iko begani kushoto, na bega wakati huo ndilo liko chini. Ungeifungua yote isingetoa kitu, kwa sababu hewa iko juu yake. Unaanza kupanda, hewa inatanuka, inakuinua zaidi, inatanuka tena. Ndivyo ulivyofika juu.

Kwa hiyo ninapopewa malalamiko ya mabuti, swali langu la kwanza huwa ni risasi. Ulivaa kilo ngapi? Watu wengi wanaoanza draisuti huongeza risasi kwa kubahatisha, kwa sababu wameambiwa suti inaelea. Wakizidisha, inawalazimu waingize hewa zaidi ili wasizame, na hewa hiyo ndiyo itakayokwenda miguuni. Kilo tatu za risasi zisizo na kazi ni lita tatu za hewa zinazotafuta njia ya kukugeuza. Pima upya: mtungi ukiwa karibu kwisha, hewa ya suti yote imetolewa, ukipumua kawaida unapaswa kuweza kukaa mita tatu bila kuzama wala kuinuka. Ukizidisha hapo, mabuti ya 41 nayo yatavimba.

Swali la pili ni urefu wa mguu wa suti yenyewe, na hapa ndipo watu hukosea kila siku kwa kulaumu buti. Aliyevaa 44 yawezekana alikuwa mrefu kuliko wewe. Umesema mwilini inakukaa, ila sijui uliitazama ukiwa umefanya nini. Ivae pamoja na nguo ya ndani ya joto, chuchumaa ukumbatie magoti, vuta ukosi wa shingo kwa kidole kimoja hewa itoke yote, kisha simama. Mwombe mtu atazame chini ya goti. Kitambaa kikilundikana mikunjo mikunjo juu ya buti, mguu wa suti ni mrefu, na huo mrundikano ndio unaolipa buti uhuru wa kuchomoka. Kinyume chake pia kipo: suti ikiwa fupi kwenye mapaja, kila ukikunja goti inavuta buti na vidole vinabanwa mbele. Panda ngazi mbili tatu ukiwa umeivaa, utajua mara moja.

Halafu pima buti lenyewe. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, mwenzako apitishe kidole nyuma ya kisigino kwa nje, akibonyeza mpira. Nafasi ya kidole kimoja ni ya kawaida. Ikiwa ya viwili, ni kubwa. Kisha lala chali kitandani, inua miguu wima, avute buti taratibu kuelekea dari. Kisigino kikiondoka kwenye soli kwa mvuto mdogo tu, majini kitaondoka pia. Jaribio hilo la kitandani nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaiga hali uliyokuwa nayo pale kwenye nanga, na hewa ya chumbani haina bei.

Sasa ganzi na msuli kukaza. Inashangaza kidogo buti kubwa kukuua vidole, lakini sababu naziona mbili. Ya kwanza ni kazi ya vidole vyenyewe. Mtoto akivaa kandambili za baba yake hukunja vidole kuzishika zisimtoke, na wewe ulifanya vivyo hivyo muda wote bila kujua. Misuli inayokunja vidole inaanzia kwenye shavu la mguu, ndiyo maana kule juu ndiko kulikokaza. Ya pili ni mapezi. Nina hakika karibu yote kwamba ulitumia mapezi yako ya siku zote, yale uliyonunua kwa ajili ya viatu vya neoprini vya wetisuti. Buti la mpira la 44 ni pana na nene. Haliingii mpaka mwisho kwenye pezi la namba yako. Linaingia nusu, ukingo wa pezi unakandamiza juu ya vidole, na mkanda wa nyuma ukiukaza ndiyo unazidi kukandamiza. Hapo una buti kubwa na pezi dogo kwa pamoja, yaani kisigino kinaelea na vidole vinabanwa. Tazama buti baada ya kuvua pezi: ukiona alama ya mstari katikati ya wayo badala ya karibu na kifundo, jibu umelipata.

Kuna jambo jingine linalohusu Tanga moja kwa moja. Mwishoni mwa kaskazi bahari yetu hufika nyuzi 28 au 29. Hakuna mtu mwenye akili anayevaa nguo nzito ya ndani katika maji hayo. Bila shaka ulivaa bukta na fulana, au suruali nyepesi ya michezo, na soksi za kawaida. Kwa hiyo ndani ya suti kulikuwa na nafasi tupu kubwa kuliko itakavyokuwa Cape Town, ambako upande wa Atlantiki maji huwa nyuzi 10 hadi 14, na kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukivuma hushuka zaidi ya hapo, kwa sababu upepo huo unasukuma maji ya juu kwenda mbali na ya chini yenye baridi yanapanda. Huko utavaa nguo nene na soksi nene, na nafasi itapungua yenyewe. Majaribio yako ya Raskazone yaliyafanya mabuti yaonekane mabaya kuliko yalivyo. Dawa yake ni kupima ukubwa nchi kavu, jioni au ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ukiwa na soksi na nguo zile zile utakazovaa kule, na kuacha maji ya hapa yawe ya kujifunza kudhibiti hewa tu. Usivae nguo nzito ukasimama juani ukisubiri boti. Ndani ya suti jasho halina pa kwenda, joto la mwili linapanda haraka, na mzamiaji aliyekaukiwa maji mwilini anajiongezea hatari nyingine chini ya maji.

Ushauri wa wenzako nauchukua mmoja mmoja. Soksi nne sizikubali. Joto halitoki kwenye wingi wa nyuzi, linatoka kwenye hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Ukizibana soksi nne ndani ya buti unaitoa hiyo hewa, unabana na mishipa ya damu, na mguu unapoa kuliko ungevaa moja. Moja nyembamba ya kunyonya jasho na moja nene juu yake zinatosha, ilimradi vidole vyote vitano vicheze. Ziada inayobaki iondoe kwa kukata soli ya ndani kutoka kwenye lile godoro jembamba la kulalia kambini, la povu lisilonyonya maji. Soli ya milimita nne au tano inainua mguu, inaujaza upande wa juu wa buti, na inakinga baridi ya chini. Sponji ya godoro la kawaida usiweke. Inalala bapa ukiikanyaga, na suti ikivuja inageuka kuwa tambara bichi miguuni mwako.

Risasi za vifundoni zina watetezi wake, na sitakataa kwamba nusu kilo kila mguu inaweza kumsaidia mtu ambaye miguu yake inaelea kidogo. Wewe tatizo lako si hilo. Risasi kifundoni haizuii hewa kuingia kwenye buti wala haikishiki kisigino, inabishana tu na matokeo. Na kila teke utakalopiga unaubeba uzito huo kwenda na kurudi, kwa msuli ule ule ambao tayari unakukaza. Mapezi ya mpira mazito, yale yanayozama yenyewe, yanafanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi, na mapezi utayahitaji kwa vyovyote.

Mpira wa tairi la baiskeli. Hapa Tanga tunafungia kila kitu, kuanzia kuni mpaka injini ya boti, na wazo lililo nyuma yake ni sahihi kabisa: kupunguza nafasi ya hewa kati ya goti na kifundo na kulizuia buti lisichomoke. Ila mpira unaendelea kukaza bila kujali, huoni umebana kiasi gani juu ya nguo nene, na vidole vikianza ganzi chini ya maji huwezi kuufungua kwa mkono wenye glavu. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kimoja ni kitambaa kigumu kinachozungushwa kwenye shavu la mguu na kufungwa kwa mkanda wa kunata, kinaubana mguu wa suti kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni, hewa ikifika hapo inakosa njia. Kingine ni mkanda mpana wa kifundo wenye bizimu, unaopita chini ya wayo na kuvuka juu yake. Fundi wa maturubai au wa mikoba anaweza kukushonea vyote viwili kwa utepe mpana wa nailoni wa sentimita tano. Mwambie aweke bizimu ya kufyatua kwa kidole kimoja, ikae upande wa nje ambako mkono unafika. Kwa mtu mwenye ziada kama yako, soksi sahihi, soli, kitambaa cha shavu la mguu na mapezi yenye nafasi vinamaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kukata chochote.

Kuhusu fundi wa Ngamiani nasema hapana, na ninawaheshimu mafundi viatu wa Ngamiani kwa kazi yao. Draisuti ya kitambaa chembamba kawaida ina tabaka tatu, nailoni au poliesta nje na ndani, na katikati mpira mwembamba unaozuia maji. Gundi ya viatu na solusheni ya kuzibia pancha zina dawa za kuyeyusha ambazo zinaweza kulitenganisha tabaka la katikati, na utaona lengelenge dogo chini ya kitambaa baada ya wiki kadhaa, mshono ukiwa tayari umeanza kuvuja. Kiatu kikivuja unalowana soksi. Suti ikivuja ukiwa kwenye maji ya nyuzi 11, baridi inakuingia na kukutoa kazini, na mguu uliojaa maji ni mzito sana wakati wa kupanda ngazi ya boti. Kubadilisha mabuti ni kazi ya karakana ya draisuti: wanakata juu ya mshono wa zamani, wanasafisha, wanagundisha kwa gundi inayoendana na kitambaa, wanaiacha ikauke kwa muda wake wote, kisha wanaziba mikono na shingo, wanajaza hewa na kupaka maji ya sabuni kutafuta mapovu. Cape Town karakana za namna hiyo zipo, kwa sababu kule draisuti ni nguo ya kazi. Subiri ufike.

Na ukifika, kama utabadilisha, nisikilize hapa: usiombe mabuti ya 41 ya namna hii hii. Omba wakuwekee soksi laini za neoprini zilizoungwa na suti, kisha juu yake uvae viatu vya nje vya kufunga kwa kamba. Kamba ndizo zinazoshika kifundo, unazikaza siku ya soksi nene na kuzilegeza siku ya soksi nyembamba, na kiatu kikichakaa unanunua kingine bila kuigusa suti. Hasara yake ni kwamba kuvaa kunachukua muda, kamba zinahitaji kufichwa zisinase, na ile soksi laini haitaki kukanyagishwa kwenye matumbawe au sakafu yenye mchanga bila kiatu. Wapo wanaopenda buti gumu kwa sababu unaingiza mguu na kuondoka. Kwa mtu ambaye namba yake haijawahi kukubaliana na mabuti, mimi nachagua kamba.

Lakini kabla ya kutumia shilingi moja, waandikie chuo. Waulize mambo mawili: je, suti wanatoa wao au mwanafunzi anakuja na yake, na je, sehemu kubwa ya mafunzo ni skuba au ni hewa ya bomba kutoka juu? Uzamiaji wa kazi mwingi ni wa bomba, na huko mtu mara nyingi anafanya kazi amesimama sakafuni, wakati mwingine kwa viatu vizito badala ya mapezi. Sheria za mabuti zinabadilika hapo. Inawezekana draisuti uliyoachiwa usiivae siku hata moja ya kozi. Watakutaka pia cheti cha daktari anayejua uzamiaji. Ukimwona, mweleze habari ya kuibuka kwako bila kuificha.

Kwa sasa nakuomba usirudi nayo majini peke yako, wala na mwenzako ambaye naye hajawahi kuivaa. Kozi ya draisuti ipo kwenye mashirika makubwa ya skuba, lakini kwenye maji yetu ya joto si rahisi kumpata mwalimu wa kuifundisha. Kama hapa humpati, afadhali usubiri kufundishwa kule tangu mwanzo. Ukimpata, mafunzo yako makubwa ni kujigeuza miguu inapopanda, na yafanyike siku ya maji mafu, si bamvua, mahali penye kamba iliyofungwa chini ya kushika. Hatua zake uzijue hata kabla: miguu ikianza kukuzidi, acha kupiga teke juu. Kunja magoti kwa nguvu mpaka kifuani, jikunje mviringo, jirushe mbele au pembeni mpaka kichwa kiwe juu, na hapo hapo inua kiwiko cha kushoto ili vali iwe sehemu ya juu kabisa. Pumua muda wote. Una sekunde chache tu kabla hewa haijatanuka kukushinda, kwa hiyo mwili unatakiwa ufanye bila kuulizwa. Na ukihitaji kuangalia nanga au kamba iliyo chini yako, shuka kwa miguu, piga magoti, usiinamishe kichwa kama unavyofanya ukiwa na wetisuti. Kwenye suti weka hewa ya kuondoa mbano tu. Ya kukuwezesha kuelea ibaki kwenye jaketi la kuzamia, mpaka mwalimu wako wa kule akufundishe njia yake.

Jambo la mwisho halihusu miguu, ila linaweza kuamua yote. Suti hii imekaa Tanga muda gani, na ilihifadhiwa wapi? Shika ukosi wa shingo na wa mikono, vuta taratibu dhidi ya mwanga. Ukiwa wa mpira laini na unanata, au unaonesha nyufa ndogo ndogo kama karatasi iliyokunjwa, joto na jua vimeshaumaliza na utachanika siku ya kwanza. Zipu nayo usiikunje. Ikiwa ya meno ya chuma, ipake nta, si mafuta ya kupikia wala grisi. Kama ukosi na zipu vyote vimechoka, gharama ya kuvibadilisha pamoja na mabuti inaweza kukaribia bei ya suti iliyotumika yenye namba yako.

Pima kisigino, pima mguu wa suti, kisha niandikie vipimo hivyo pamoja na kilo za risasi ulizovaa na namba iliyochapwa ndani ya pezi lako.